Foleni ya Pensheni

Mdogo wangu wa pekee,

Huku hatujambo, na paka wa jirani kazaa tena, safari hii kabatini mwangu. Juzi nilipokea pensheni yangu ya kwanza! Benki ilifurika wazee, na unesi haujanitoka: nikawapanga, wanaoumwa zaidi watangulie. Mimi niliye buheri wa afya nikawa wa mwisho, roho juu, maana redio inasema mfuko wa pensheni unakauka.

Keshia akacheka, “Bibi, zako zipo.”

Zako wewe, uliye bado kazini, sijui. Hilo tu ndilo linalonikera. Lakini zamu yako ikifika, njoo mzima, nikuweke mwisho kabisa, ubavuni mwangu.

Dada yako,
nesi asiyestaafu