Magoti Yangu na Pikipiki Nyekundu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza ujue anayekuandikia ni nani, maana si kila wiki unapata barua ya mtu kama mimi. Mimi ndiye tarishi niliyeishikilia serikali isianguke kwa miaka ishirini na sita, kwa pikipiki moja na mfuko mmoja wa turubai, na wakubwa wote unaowajua walitia sahihi karatasi nilizowaletea mimi, na kuna siku nilikimbizana na mvua kutoka ofisi kuu hadi mahakamani, ikawa inanyesha nyuma yangu hatua mbili tu njia nzima, nikafika mkavu na barua kavu, karani wa zamu alishuhudia, bahati mbaya ameshafariki.

Nina futi sita na inchi tano, kazini waliniita Mlingoti, na pikipiki niliyokabidhiwa ilikuwa ndogo, magoti yakawa yanatokeza huku na huku kama milango ya kabati bovu, mpaka fundi wa gereji yetu, mtu asiyependa maneno, akanitazama siku moja nikishuka kwa kuchechemea, akavikata vikanyagio vya miguu akavichomelea chini zaidi, kisha akakiinua kiti kwa kushonea juu yake mifuko miwili ya barua iliyochakaa, na kuanzia hapo nilikaa kama nipo sebuleni kwangu.

Jumamosi mchana nilikuwa nampitia mke wangu, wakati huo bado mchumba, kwenye mlango wa nyuma wa hospitali alikokuwa akishona mashuka, anatoka mikono inanukia sabuni na pasi, anakaa nyuma, analaza shavu mgongoni kwangu, tunapanda mpaka kilimani kwenye tangi la maji, tunaangalia mabati ya mji mzima chini yetu.

"Ile yenye bati jipya itakuwa yetu," anasema.

"Mwenyewe yumo ndani anakula."

"Atahama. Mimi sina haraka."

Mshauri, ile nyumba hatukuipata, tulipata nyingine yenye bati kuukuu, lakini nikikwambia hakuna raha niliyowahi kuionja kupita kukaa juu ya kile kilima na injini inapoa taratibu, tik, tik, tik, sikudanganyi, na mengine huwa nadanganya.

Basi barua zikaanza kwenda kwa simu, pikipiki ikarudishwa stoo, mimi nikapewa meza ambayo miguu yangu haiingii chini yake, na sasa nimestaafu, watoto wamehama, nyumba imekuwa na mwangwi, nikaamua ninunue pikipiki yangu mwenyewe, na si ya kubebea magunia, ya mbio. Dukani zipo mbili. Moja nyekundu, imeinama kama mtu anayetafuta shilingi chini, usukani uko chini na vikanyagio viko juu. Nyingine ya kijivu, usukani umeinuka, mbele ina kioo cha kukinga upepo, nikaiona ya wazee.

Muuzaji akaniuliza, "Mzee, ukikaa miguu inafika chini?"

"Inafika na inabaki."

"Basi nyekundu ndiyo yako."

Mke wangu, niliyekwenda naye, akakizunguka kiti cha nyuma cha ile nyekundu mara mbili. "Hapa anakaa nani?"

"Wewe."

"Hapa anakaa paka. Mimi nitakuwa nakuaga getini."

Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi, naye kaniambia, "Mjomba, hayo magoti yako ni ya kuandikiwa barua," ndiyo maana nimekuandikia. Je, nichukue nyekundu ninayoipenda, mke wangu atazoea, au nichukue ya kijivu watu wanicheke?

Na kwa kuwa hutaji majina, nikwambie na hili. Nilirudi dukani peke yangu nikaipanda ile nyekundu, baada ya dakika kumi msuli wa paja ukakakamaa, nikashindwa kushuka. Muuzaji akaniuliza kulikoni, nikamwambia nasikiliza injini. Injini ilikuwa imezimwa. Nilikaa pale karibu saa nzima, mwishowe nikampigia simu mke wangu, akaja na kanga begani, akanivua kiatu mbele ya wateja, akanikanda mguu mpaka nikashuka.

JIBU

Mjomba Mlingoti, pole kwa paja. Serikali bado imesimama, kwa hiyo shusha mabega tuongee.

Muuzaji alikupima kwa kipimo cha watu wafupi. Anayehangaika miguu ifike chini ni mfupi. Yako ingefika chini hata ungekaa juu ya meza. Kinachokutesa ni nafasi kati ya kiti na vikanyagio. Ikiwa fupi, goti linakunjika mno na paja linakakamaa, na rangi nyekundu haitibu hilo. Fundi wenu alilijua bila kuuliza, wewe ukalikalia miaka ishirini na sita usilijue.

Chukua kamba, pima kila pikipiki kutoka juu ya kiti mpaka kwenye kikanyagio. Iliyo ndefu ndiyo ya kuijaribu. Kaa juu yake nusu saa, mikono kwenye usukani. Viganja vikifa ganzi, ujue umebebwa na mikono badala ya makalio. Kioo nacho kitazame: upepo upite juu ya kofia yako, usikupige kooni. Nafasi ya magoti ikipungua kidogo, fundi wa viti ataongeza sponji, na vikanyagio vya kushushwa vinauzwa, ila uliza kwanza kama kwenye kona havitakwaruza lami. Hiyo ya kijivu nayo ni ya mbio, ya mbio za safari ndefu. Kukaa wima hakupunguzi mwendo. Wa kukucheka watakucheka dakika moja, goti litakuuma mwaka mzima.

Sasa nikukemee. Unaandika "mke wangu atazoea" kama vile anahamia chumba kingine. Mtu aliyeacha shughuli zake akaja kukuvua kiatu mbele ya watu hajakukataa wewe wala pikipiki. Amekataa kiti. Nawe hukumuuliza hata mara moja kama anataka kupanda tena, umeuliza rangi.

Kesho asubuhi nendeni wote wawili. Usipande wewe. Apande yeye kwanza, nyuma, apewe muda, aone pa kuweka miguu na pa kushika. Ndipo ukae mbele yake, ufunge mdomo, umsikilize. Akisema panambana, hiyo si yenu, mwambieni muuzaji asante mwondoke. Akisema panafaa, chukueni hiyo, kisha muulize anataka kupelekwa wapi, na umpeleke huko.