Banda la Sungura na Kikohozi cha Baba

Jumatatu, 7 Aprili
Misumari tena. Naing'oa kwenye mbao za zamani, nainyoosha kwa jiwe, naipigilia upya. Sekela kapita na ndoo. "Mume wangu, huo msumari umepinda kuliko wewe." Mke wangu ana mdomo. Nilimpendea hapo.
Stoo ya nyuma ndiyo inageuka banda. Tulikuwa tunaweka majembe na magunia ya kakao. Sasa ni ghorofa, sungura wa juu na sungura wa chini. Mabanzi nimepewa bure pale wanapopasua mbao. Sakafu ni mianzi niliyoipasua, nimeiachanisha kidogo mavi yadondoke. Wavu wa kuku bei mbaya, nimeweka nyavu chakavu za wavuvi wa Matema.
Mitumba ninayouza sokoni haiendi, mvua tupu. Sungura wao wanazaana hata nikilala. Biashara ya hivyo ndiyo naitaka.

Jumatano, 9 Aprili
Sungura walifika jana, kwa mwalimu mmoja wa Ipyana aliyehamishwa. Weupe, macho mekundu. Sekela anasema wanafanana na wavuta bangi.
Leo asubuhi banda tupu. Wamekula nyavu! Mimi nilifikiria samaki, nikasahau hawa wana meno. Tumewakimbiza kwenye migomba mpaka mchana. Majirani wanashangilia kama mpira. Wamepatikana wote ila dume mmoja. Huyo ana akili, simdai.
Mbele nako nimeweka mianzi.

Jumamosi, 12 Aprili
Mto umefurika. Nyumba ya baba kule Talatala ukuta wa nyuma umelala chini. Nimeazima pikipiki ya jirani, nusu ya safari nimeisukuma. Nimemkuta amekaa juu ya meza na koti lake, maji chini. Anakohoa. "Umechelewa. Nilikuwa naanza kuota mapezi."
Kufika kwangu, shida. Baba ni Mnyakyusa wa kale. Kwake baba mkwe na mkamwana hawaonani. Hawalali paa moja, hata salamu hawapeani. Siku hizi wengi wameacha, kanisani wanakaa benchi moja. Yeye hapana. Tangu nimuoe Sekela, akija kututembelea anakohoa kule njiani, Sekela anajua, anakimbilia nyuma ya nyumba. Mzee anakaa uani, anakunywa chai, anaondoka. Sura ya mke wangu haijui.
Nimemwambia, tata, baba yangu, ingia ndani, mvua hii. Ameenda moja kwa moja kulala bandani kwa sungura.

Jumapili, 13 Aprili
Leo nimecheka. Baba anakohoa kwa ugonjwa, Sekela anadhani anapita. Anaacha sufuria, anakimbia. Anarudi. Kikohozi. Mbio tena. Wali umeungua.
Kasema, "Mwambie baba yako achague, anaumwa au anapita?"
Nikampelekea mzee maneno hayo. Amecheka mpaka kashika mbavu. "Mwambie nikipita nitapiga mluzi."
Halafu akatema. Makohozi yana rangi ya kutu. Hapo sikucheka.

Jumanne, 15 Aprili
Nilitaka kuwatoa sungura. Kakataa. "Waweke wapi, mvuani? Hao ndio wenye nyumba, mimi mpangaji." Nimemtengenezea kitanda cha mianzi kama sakafu yao, kimeinuka juu, maji yasimfikie. Anasema sasa bado masikio tu.
Mkojo wa sungura unanuka jamani. Unachoma macho. Mimi nikikaa kidogo natoka. Yeye analala humo na kifua kile.
Dawa ya dukani nimempa. Haijasaidia. Dada yangu wa Makwale angempokea, barabara imekatika.
Asipotoka mle banda litamuua baba yangu. Nimeliandika neno hilo, limekaa hapo.

Alhamisi, 17 Aprili
Sekela kasema atahamia yeye bandani, mzee alale ndani. Nimepeleka neno.
"Mwenye jiko alale na mavi, mimi nijinyooshe kitandani kwake? Hapana."
Basi hospitali, nikamwambia. "Ya nini? Hii ni baridi tu."
Tumegombana. Nikamuuliza heshima gani hiyo ya kumuua mtu. Akasema polepole, anavuta pumzi katikati, "Nimemheshimu mkeo tangu siku uliyomleta. Leo nimkosee kwa ajili ya mafua?"
Nimetoka. Nimepiga teke mlango niliotengeneza mwenyewe, umeng'oka. Namchukia. Hapana. Namchukia.

Ijumaa, 18 Aprili
Nilienda sokoni, watu wananunua nguo za Pasaka. Narudi, banda wazi, kitanda kitupu. Mama jirani kasema, "Kimbia hospitali, mkeo kambeba mzee mgongoni."
Kumbe kilichomshtua Sekela ni kimya. Asubuhi nzima hakusikia kikohozi hata kimoja. Ameita kutoka nje, hakujibiwa. Akavua kitenge chake, akaingia kinyumenyume, akamfunika mzee kichwa chote, akambeba hadi barabarani kwenye bajaji. Mzee alikuwa anapumua, lakini mwili moto.
Nimemkuta Sekela wodini amesimama anatazama ukuta. Daktari, mgeni huku, kijana, anamshangaa.
"Dada, mbona unampa mgonjwa mgongo?"
"Mkwe wangu huyo."
"Sasa ukimwangalia ataungua?"
"Mwangalie wewe, ndiyo kazi yako."
Daktari akanivuta pembeni. Mapafu yamejaa, pande zote. Mmemchelewesha. Nani kamchelewesha? Mimi!
Baba kafumbua macho jioni. Kaniuliza nani alimbeba. Nikamwambia. Kavuta pumzi mara mbili. Halafu, "Ana mgongo imara huyo. Mwambie ndaga." Kwetu ndaga ni asante.
Sekela yuko palepale, karibu hata kunigusa, kasikia kila kitu. Bado nimegeuka nikamwambia. "Baba anasema ndaga."
Akauambia ukuta, "Mwambie na mimi ndaga."
Nikamwambia.

Jumamosi, 19 Aprili
Baba amefariki asubuhi.
Sina utani.

Jumatatu, 21 Aprili
Tumemzika Talatala. Kaburi linatoa maji, vijana wanachota kwa ndoo huku mchungaji anasoma. Nilitaka kuwapiga wote. Hawana kosa.
Shangazi kamweka Sekela katikati ya wamama. "Ni kweli ulimgusa mkwe?"
"Nilimgusa, shangazi. Nilimbeba kama mtoto. Kama kuna faini nitalipa sungura."
Mmoja akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, mpaka shangazi mwenyewe akaficha mdomo kwa khanga. Halafu wakalia upya wote.
Kwenye kuaga, kabla ya kuzika, kila mtu alipita kuangalia uso. Sekela kapita kainamisha kichwa. Hakuangalia. Nilidhani sasa ataangalia. Hakuangalia.

Jumapili, 27 Aprili
Nimesafisha banda. Nimemwaga maji na majivu, nimebadilisha mianzi iliyooza. Jike mmoja amezaa, watoto hawana manyoya, wamefumba macho. Nimefunika kiota nikaacha.
Kitanda cha baba sijakivunja. Ningepata vyumba vingine vya sungura pale. Nimeshika nyundo, nikaiweka.
Sekela kaja na chai. Kakaa kwenye kile kitanda, mimi chini. Tukanywa. Mvua ndogo.
Akaniuliza, "Akicheka, uso wake ulikuwaje? Sauti yake naijua, nilikuwa naisikia nikiwa jikoni."
Nikamwambia watu wote wanasema uso wangu huu ni wake, kautoa kwake kauleta kwangu.
"Basi cheka."
Nimejaribu. Mdomo umefunguka, hakikutoka kitu.
Akasema si lazima leo. Akaweka kikombe chini, akabaki ananiangalia usoni.