Nyuki Anayegeuka Mlangoni

Kayole, Jumapili

Shangazi Millicent mpendwa,

Salamu zitangoja, kwanza nikupe habari za nyuki. Anaishi juu ya paa letu, ndani ya nguzo ya mbao tunayofungia kamba ya nguo. Ni mweusi, mnene kama kidole gumba, na hutoka giza likishaingia. Jirani yangu, Mwalimu Filsan, anasema nyuki huyo ana macho makubwa, tena huruka polepole ili yaokote mwanga mdogo uliobaki. Lakini sikia hili, shangazi: akitoka haendi moja kwa moja. Hugeuka, akaelea mbele ya mlango wake akiutazama, kushoto, kulia, mpaka aushike kichwani. Ndipo anapoenda.

Wewe ndiwe uliyeniita Nabwire kwa kuwa nilizaliwa usiku. Jina limenifuata. Daktari anasema macho yangu yanafifia na dawa hakuna, ndiyo maana herufi ni kubwa hivi. Mama usimwambie bado.

Jana usiku stima ilipotea, nikapanda ngazi gizani kwa mwendo wa nyuki, nikafika.

Njoo Desemba, shangazi, na uje mchana. Utasimama mlangoni, nikutazame kushoto, kulia.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Nabwire