Imefungwa na Mwenyewe

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Baridi mno leo. Vidole vigumu mpaka saa nne. Mimi na Wangari tumemaliza migongo ya sweta, bado mikono. Mashine moja ya kufuma, wanawake wawili, shule nzima inangoja Januari. Haitoshi. Mwalimu mkuu alisema wazi: mkichelewa, oda inakwenda Karatina.

Kesho kutwa najibiwa dukani kuhusu mashine ya pili, ile ya kulipa polepole. Wangari ameshaitafutia mahali, kando ya dirisha. Amefagia hapo mara mbili.

Jumatano, 6 Novemba

Wamenikataa.

Meneja ni kijana, mpole, tai imemkaba. Kabla ya kumpa mtu kitu kwa mkopo huwauliza wenye maduka wengine wa hapa Nyeri. Ameuliza lile duka la fanicha nililokuwa nikichukulia vitu zamani. Kitabu chao kinaonyesha jina langu, na mbele yake neno moja: imefungwa.

"Mama, akaunti ikifungwa huwa kuna sababu," alisema. "Mimi niko na mabwana wakubwa juu yangu."

Nimetembea kwenye mvua mpaka nyumbani Majengo bila kufungua mwavuli.

Nilimaliza kulipa. Kila kitu. Niliifunga mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Siku ile nilitoka dukani kichwa juu. Kumbe jambo nililojivunia ndilo linasomwa kama aibu.

Ijumaa, 8 Novemba

Wangari amesikia. Mji huu mdogo.

Aliuliza akiwa amenipa mgongo: "Zuhura, si uniambie tu. Ulihepa deni ya watu?" Nikasema hapana. "Sasa walikufungia ya nini?" Nikainamia mashine, nikaendelea kufuma.

Jioni nimemwona akizipima upya nyuzi za sufu, zile nilizonunua mimi. Miaka yote hii hajawahi kupima kitu changu. Imeniuma kuliko maneno ya meneja.

Jumamosi, 9 Novemba

Niandike hapa, maana sijawahi kumwambia mtu.

Salimu ndiye. Mume wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa akienda dukani na kuchukua vitu kwa jina langu. Kitanda. Blanketi. Redio. Havikufika kwetu. Vilikwenda Othaya, kwa mwanamke mwingine. Nililijua nilipokwenda kulipia meza, nikaambiwa bado kitanda. Kitanda kipi? Mwenye duka, Mzee Awadhi, alitazama chini.

Nililipa kitanda ambacho sikukilalia. Kisha nikamwambia mzee: funga, asichukue tena mtu kitu kwa jina langu. Akafunga. Salimu hakuuliza, mimi sikusema. Akaugua, nikamuuguza, akafa. Msikiti ulijaa siku ya maziko. Mpaka leo watu wananisimamisha njiani wanisifie alivyokuwa.

Nikisafisha jina langu nachafua la marehemu. Nikinyamaza, nampoteza Wangari na oda pia. Nina hasira naye. Ndiyo, na maiti. Nimeandika.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwenda Wang'uru. Mzee Awadhi aliuza duka lake la Nyeri, vitabu na vyote, siku hizi anauza mchele huko. Amezeeka, mguu mmoja umevimba. Alinitambua kwa sauti kabla hajaniona vizuri.

Nilipomweleza alikaa juu ya gunia. "Mwanangu, mimi niliandika neno lile lile kwa wote. Niliyemfukuza, imefungwa. Aliyeondoka kwa heshima, imefungwa. Mimi nilikuwa najua yupi ni yupi. Sikufikiri kitabu kitasomwa na mtu mwingine."

Alitaka kunipa chakula kwanza. Nikakataa, akalazimisha. Kisha akampigia meneja simu pale pale, akipiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Kalipa yote! Kafunga mwenyewe! Mteja kama huyu sikupata wengi!

La Othaya hakulitaja. Alipokata simu aliniambia, "Hilo ni lako. Utamwambia unayetaka."

Nililia njiani, karibu na Sagana. Si huzuni. Sijui ni nini.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeitwa dukani. Meneja anasema neno halifutiki, yaliyopita yanabaki kitabuni. Lakini amewaambia wale wa duka la fanicha waongeze mbele yake: na mwenyewe, hadaiwi. Amehakikisha wameandika. Mtu akifungiwa na duka ni jambo moja, akifunga mwenyewe ni jingine, alisema, na macho yake yalikuwa na haya.

Kisha akaniambia jambo la ajabu. Ningeiacha wazi, bila kuchukua kitu, ingenifaa zaidi leo. Wangeona mteja wa miaka mingi asiye na doa.

"Kwa nini mtu afunge akaunti nzuri hivyo, mama?"

Nikamwambia ni mambo ya nyumba yangu. Akaitikia kwa kichwa. Akanipa kalamu nitie sahihi. Mashine inakuja Jumamosi.

Niliporudi nilimwambia Wangari yote. Kitanda, redio, Othaya. Sikupanga. Alikuwa anashona mkono wa sweta, nami nikaanza tu. Akaacha sindano. Nilidhani atasema kuhusu Salimu, maana alimpenda, alimwita shemeji. Hakusema juu yake hata neno.

"Ungeniambia, tungelia wawili," alisema. Na baadaye, chini chini: "Nilipima uzi wako."

Nikasema niliona.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Wangari alipitia hapa baada ya kanisa, ati dakika moja tu, na kitambaa cha kanisani bado kichwani. Akakaa kwenye mashine mpya bila kuuliza. Inakwenda laini, haigombi kama ile yetu. Tumebishana kidogo nani aitumie. Nimemwachia.

Nimepika chai ya tangawizi. Amekunywa bila kusimamisha mkono, safu baada ya safu, rangi ya kijani ikishuka taratibu mpaka magotini mwake.