Pora Watano wa Shemeji Sylvester

Busale,
Kyela.
30 Novemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Gwamaka,

Ugonile? Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Musoma, na kwamba kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimekuachia. Sisi hatujambo. Goti linamuuma Mama asubuhi, likipata jua linatulia. Kakao imezaa vizuri.

Uliuliza ni mitetea wangapi waliopatikana kwa yule kuku wako mwekundu wa aina ya kuchi uliyemwachia Mama ulipohamishwa, ili ukija Krismasi uchukue wawili. Nitakujibu, ila lazima nianze na shemeji yetu Sylvester, na kuanza na Sylvester ni kama kuanza mlo kwa mfupa.

Kuku wako aligongwa na bodaboda mwezi wa tisa. Alikuwa ametotoa tarehe 2 Agosti, vifaranga tisa, baba yao yule jogoo mweupe wa kisasa wa Mzee Abdala mwenye duka. Kwa hiyo ni chotara, na damu ya kuchi hapa nyumbani ilibaki kwa hao tisa tu.

Tarehe 4 Novemba, naitazama shajara yangu, Sylvester alikuja na dada yetu Doreen kupanga sherehe ya kipaimara cha mtoto wao. Tangu ahudhurie semina ya ufugaji ya siku mbili, kile kitambulisho cha semina hakimtoki shingoni, nadhani hata bafuni anaingia nacho. Alimshika kila kuku miguu, akamning'iniza kichwa chini, akamtazama kama daktari anayesoma picha ya mfupa.

"Mwenye upanga mrefu kichwani ni pora, mwenye upanga mfupi ni mtetea," akatangaza. "Sayansi hiyo, shemeji, haitaki nguvu."

Nikamuuliza kama anajua upanga wa kuchi ukoje.

"Wewe una kidato cha nne, shemeji. Mimi nina cheti."

Cheti chenyewe ni cha siku mbili, na siku ya pili walikula chakula cha mchana wakatawanyika. Doreen mwenyewe kaniambia.

Basi ikaamuliwa pora watano wachinjwe kwenye kipaimara, mitetea wanne wabaki.

Aliyewahi kufuga kuchi anajua kwamba hata jogoo wake ana kiupanga kama punje ya karanga. Kifaranga aliyemfuata mama atakuwa nacho kifupi hata akiwa dume, na aliyemfuata yule baba wa kisasa atakuwa na upanga mrefu hata akiwa jike. Sylvester alipoondoka, Mama akiniona, nilitazama manyoya ya shingoni na ya mgongoni karibu na mkia, kuku mmoja baada ya mwingine. Ya dume yana ncha kali na yanang'aa, ya jike yana mviringo mwishoni. Nikaandika: watano wake wote ni mitetea, wanne wake wote ni pora. Amekosa tisa kati ya tisa. Kipofu akibahatisha angepata hata wanne. Kukosa namna ile kunahitaji semina.

Unajua kwetu mama mkwe habishani na mkwe. Neno la kumzuia lilikuwa langu mimi shemeji yake, ninayeweza kumtania mbele ya watu. Sikulisema. Nilitaka aumbuke mbele ya ndugu zake wa Matema, kuku akipasuliwa. Nilihesabu siku kumi na nane kwa hamu.

Tarehe 22 alichinja mwenyewe, kitambulisho shingoni. Wa kwanza alipopasuliwa tulikuta vijiyai vya manjano, vidogo kama mtama, vimeshikamana mgongoni.

"Sylvester, baba," shangazi yake akamwambia, "huyu pora wako alikuwa anatarajia kutaga lini?"

"Mafuta hayo, shangazi."

Akachinja wa pili, wa tatu, wa nne. Wote walikuwa na mafuta. Wanawake walicheka mpaka wakaketi chini, nami nilicheka kuliko wote, hadi nilipoona beseni limejaa manyoya mekundu kama ya kuku wako.

Wa tano hakuonekana. Mama alimwambia mkwewe, kwa heshima zote, kwamba mwewe alimchukua asubuhi.

Wageni walipoondoka, Mama alisogeza vile vyungu vyake vya Ikombe jikoni, akatoa tenga. Mtetea mwekundu alikuwamo, mzima. Mama hakuwa ametazama upanga wala manyoya. Anasema aliyewalisha kuku kila siku hahitaji kufundishwa jinsia zao. Kisha akanitazama.

"Tusajigwe, yule hakujua, lakini alisema. Wewe ulijua, ukanyamaza. Nani amechinja?"

Nimeliandika swali hilo kwenye shajara, chini ya tarehe ile.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni mtetea mmoja. Sylvester bado namdharau, na sioni dalili ya kuacha, lakini wale wanne usimdai yeye, nidai mimi. Nisamehe, mdogo wangu. Ukija usimchukue huyu aliyebaki. Tafuta huko jogoo wa kuchi umlete, tuanze tena. Wale pora wanne, ndugu zake, wanapigana uani kutwa, na Sylvester anapita akiwaita mitetea wakali.

Mama anakushukuru kwa kitenge, anasema ndaga fijo. Doreen anakusalimu. Nisalimie mkeo Jubilate, na mtoto Yakobo mbusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde njiani, akulete kwetu ukiwa na afya na huyo jogoo mkononi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukinikasirikia,
Tusajigwe