Ulivyousikiliza Moyo wa Ng'ombe wa Buganguzi

Mpendwa Mama Koku,

Wiki hii nilikwenda msibani Buganguzi, nikapita pale palipokuwa zizi la kijiji. Nikakuona tena umepiga magoti kwenye samadi, kifaa cha kusikilizia moyo kikiwa masikioni.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Wewe ulikuwa daktari wa mifugo, mimi mwalimu wa shule ya msingi ya palepale. Ng'ombe yule alikuwa wa kijiji kizima, na wanafunzi wangu wa darasa la kwanza walikunywa maziwa yake. Alikuwa ameacha kula, tumbo limevimba, moyo unapiga taratibu mno. Mwenyekiti wa kijiji alikwishamwita mchinjaji.

“Moyo umechoka, mama,” alikuambia. “Tumchinje angali na nyama.”

“Nipe muda kidogo, baba. Huenda moyo ni mzima.”

Ukatueleza, mara kwa Kihaya, mara kwa Kiswahili. Kuna neva ndefu inayotoka kichwani, hushuka shingoni, hutoa matawi kwenye moyo, kisha huendelea hadi tumboni. Hiyo huuambia moyo upunguze mwendo. Nyingine hutoka kwenye uti wa mgongo, karibu na mbavu za mwanzo, nazo huuharakisha. Kitu kikiichokoza ile ndefu kule tumboni, moyo hupiga polepole ingawa wenyewe hauumwi.

Ukamchoma sindano ya kuituliza neva hiyo kwa muda, dawa uliyokuwa umewawekea ng'ombe wanaokunywa maji ya josho yenye sumu ya kupe. Tukasubiri kuona kama moyo utaongeza mwendo. Kisha ukampa mwenyekiti kile kifaa asikilize mwenyewe. Uso wake ukalegea.

“Unakimbia,” alisema.

Mchinjaji akarudi kwake. Ukampiga ng'ombe ganzi, ukampasua ubavu wa kushoto, ukazamisha mkono hadi karibu na bega, ukatoa tumboni kipande cha waya alichokuwa amekimeza. Mimi nilishika kamba tu.

Alipona, akazaa. Ndama wake kijiji kilimwita Daktari.

Sasa nimebaki hapa Nyanga na migomba yetu. Koku anasema nakusifu mno tangu ufariki. Hajui kwamba nilianza siku ile zizini, ila kila nilipofungua mdomo ulinikatiza: “Acha maneno, Baba Koku, menya ndizi.” Siku hizi naongea mpaka namaliza, na hakuna anayenikatiza.

Pumzika, mke wangu. Kazi uliifanya.

Mumeo,
Baba Koku