Uso wa Zaina na Tiba ya Joto

Jumatatu, 3 Juni
Kwa heshima na utulivu wa asubuhi, naanza ukurasa huu kwa kusudi moja: kutafuta tiba ya chunusi za binti yangu Zaina. Kabichi zimekwisha kumwagiliwa. Baridi kali. Zaina ameitiwa kazi ya kuwauzia wageni jibini na jamu pale shamba la Irente; jibu latakiwa wiki ijayo. Anakataa. Hufunika uso hata mbele ya mama yake. Naumia.

Jumatano, 5 Juni
Nimerejea kutoka Tanga kwa tabibu wa Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi. Ameeleza kwamba mwilini mna joto waliitalo pita. Likizidi, huchafua damu, na uchafu hutokea usoni. Basi Zaina apunguze pilipili, achari na vya kukaanga. Apake unga wa msandali na manjano, uliolainishwa kwa maji ya waridi. Hoja imepangika. Swali moja sikuuliza, kwa kiburi: joto hilo latoka wapi, nasi huku milimani twalala na mablanketi?

Alhamisi, 6 Juni
Maji ya waridi hayapo sokoni. Nimetia ndimu. Kwetu mafua, kikohozi, hata tumbo, hakuna dawa isiyokamuliwa ndimu. Sikuona haja ya kuuliza. Mke wangu amemcheka diwani wake: "Baba Zaina, uso si barabara ya kata, uupitishie maazimio!" Zaina amepaka, kisha akaenda kupalilia karoti juani.

Ijumaa, 7 Juni
Uso umeungua. Umevimba, na rangi ya manjano haitoki. Nimepiga simu Tanga. Tabibu amekasirika: ndimu huongeza joto lile lile, na jua huichochea. Aibu. Zaina hakulia. Alisema tu, "Shikamoo, baba," akapita.

Jumamosi, 8 Juni
Hospitali. Daktari ametoa krimu ya kutuliza. Dawa ya chunusi itafuata ngozi ikipoa. Amesema ni mafuta yanayoziba vinyweleo, hasa katika umri huu. Si uchafu. Tiba huchukua miezi. Njiani Zaina akasema: "Baba, umeshauriana na kila mtu kuhusu uso wangu, isipokuwa mimi." Kweli tupu.

Jumanne, 11 Juni
Uvimbe umeshuka. Ukungu umefunika msitu wote wa Magamba. Kesho Irente wanataka jibu. Nimemkuta Zaina jikoni akimenya viazi. Nikachukua kisu, nikamenya naye. Sufuria ilipojaa nikasema: Mwanangu, kuhusu dawa na kuhusu kazi, naomba uamuzi wako. Nitaufuata.